Mama Zao Wamebaki Kwako

4 Machi

Kwa Daktari wa Panya, shemeji yangu,

Barua hii inakuja na gari lile lile la vizimba, kwa hiyo ikinuka usinilaumu mimi, mlaumu dereva. Mwaka wa tatu huu namwambia aweke barua mbele, yeye anaziweka nyuma na abiria wake wenye mikia.

Dada yako anaendelea vizuri. Mshono umekauka, ingawa bado anainuka kitandani kwa kushika ukuta, na ole wako umsaidie. Mtoto tunamwita Bosi, maana akilia watu wazima wote tunasimama. Mimi nimeshafukuzwa chumbani. Nalala sebuleni, nepi zinanidondokea usoni.

Sasa kazi. Nimekuletea panya weupe ulioomba kwa jaribio lako, wote wameachishwa kunyonya juzi tu. Nimewachagua mwenyewe, mmoja mmoja, nikawageuza nikawakagua tumbo, miguu na mkia. Hakuna hata mmoja aliyeguswa na sindano. Mama zao wamebaki kwangu, wakubwa wa kazi, wanaendelea kuzaa.

Kazi njema, na ule vizuri. Dada yako anasema ukikonda atanilaumu mimi.

Shemeji yako,
Baba Panya

*

27 Machi

Shemeji,

Panya wako watanitia wazimu.

Nikueleze, maana wewe unawazaa tu, hujui ninachowafanyia. Kuna ndui ya panya, ambayo inaua. Na kuna virusi vya chanjo, ndugu yake mpole: ukikwaruza ngozi ukaviweka, panya anapata kigaga kidogo, basi. Hawa wawili ni wa ukoo mmoja, na mwili ukishamjua mpole, yule mkali akija unamtambua kwa sura ya ukoo na kumfukuza mlangoni. Mimi naipima aina mpya ya yule mpole, niliyoilea mwenyewe tangu nije hapa. Kwa hiyo nusu ya panya nawachanja, nusu nawaacha. Kisha wote nawapa yule mkali, isipokuwa wachache wa kila nusu niliowabakiza akiba. Waliochanjwa waishi, wasiochanjwa wafe. Najua ni ukatili, lakini hao wasipokufa sina cha kulinganisha nacho.

Hawakufa. Wote wazima, waliochanjwa na wasiochanjwa. Jana nimeingia nikawakuta wanakula, wanapanda nyavu, wananitazama kama vile mimi ndiye niliyechelewa. Mkuu wa maabara anasema nimeviharibu virusi. Hajasema kwa sauti kubwa, lakini amesema mbele ya watu.

Naomba unijibu bila utani. Kuna ugonjwa wowote umepita kwenye nyumba yako ya panya? Panya aliyeugua ndui kidogo akapona, au aliyechanjwa huko, hawezi kuwa na maana kwangu.

Shemeji yako

*

31 Machi

Daktari,

Ugonjwa? Hapa? Hapa hata mimi naingia kwa kuoga.

Panya niliokuletea hawajaugua wala hawajachanjwa. Hilo naliapia mbele ya yeyote umtakaye, na mkono juu ya kichwa cha Bosi. Mimi nadhani virusi vyako vimechoka. Umeme wenu unakatika ovyo, friji zenu zina umri wangu. Umewahi kuona nyama inavyokuwa umeme ukikatika? Sasa fikiria virusi.

Kilichobaki ni kurudia. Bado unao wengine wa mzigo ule ule, si ndiyo? Watumie hao, na chupa nyingine.

Jambo moja: usimwandikie dada yako mambo haya. Atakosa usingizi, na maziwa yatakata. Baina yetu yaishie baina yetu.

Baba Panya

*

30 Aprili

Shemeji,

Nimerudia. Nimetumia waliobaki wa mzigo wako, chupa ile ile ya virusi, makusudi, ili nione kama kweli imechoka.

Wamekufa wote, na ninaposema wote namaanisha hata wale niliowachanja siku ileile waliyoshuka kwenye gari. Walivimba miguu, wakajikunyata pembeni, wengine wakapukutika ncha za mikia. Virusi havijachoka hata kidogo. Mara ya kwanza wasiochanjwa waliishi. Mara ya pili waliochanjwa wamekufa. Nimekaa kitako sakafuni mwa chumba cha vizimba kama mtu aliyefiwa.

Mkuu ameniita ofisini na mlango ameuacha wazi. Amesema: "Panya wale wale, chupa ile ile, majibu mawili. Ama umepika, ama hujui kazi. Chagua lipi tuliandike." Tarehe 24 Mei nasimama mbele ya kamati. Nikitoka mle na jina la mpishi wa matokeo, hakuna maabara popote itakayonifungulia mlango, na kila nililofanya mpaka leo litatupwa pamoja nami. Maji yamenifika shingoni, shemeji. Wewe ndiye pekee unayewajua panya hawa kabla yangu. Fikiri tena. Chochote, hata kama unakiona kidogo.

Shemeji yako

*

5 Mei

Mdogo wangu,

Umenisahau au umeolewa? Barua zote zinakwenda kwa mume wangu, kwangu hata salamu hakuna. Nimeona niandike mwenyewe, mkono mmoja, mwingine umeshika Bosi anayenivuta nywele.

Amenenepa. Mashavu yamefunika macho. Juzi nilimpeleka kliniki nikapewa somo mbele ya foleni nzima. Mtoto wa jirani ameshikwa na surua, nikapata wasiwasi, nikamwambia nesi amchome Bosi sindano ya surua siku ileile. Akaniuliza, "Mama, wewe ulichanjwa?" Nikasema ndiyo. "Basi mtoto bado anatumia kinga yako, uliyompa tumboni. Ukimchoma sasa, kinga yako itaila chanjo yake. Halafu yako ikija kuisha, atabaki hana hii wala ile. Subiri afike miezi tisa." Hebu niambie kama ni kweli au alitaka tu nitoke kwenye foleni.

Lingine. Mna nini wewe na shemeji yako? Barua zako anazisomea chooni. Akitoka anaosha mikono mpaka imepasuka, na chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Nikimuuliza ananitania, na utani wenyewe hauchekeshi. Mimi si mgonjwa tena. Niambieni.

Dada yako

*

9 Mei

Kwa Msimamizi wa Nyumba ya Panya,

Leo sikuiti shemeji.

Panya ulioniletea hawakuchanjwa. Naamini. Uliapa kwa kichwa cha mtoto na hukuapa uongo. Nilikuuliza kuhusu nyumba ukanijibu kuhusu watoto, nami kwa ujinga wangu nikaridhika.

Mama zao je?

Mama akiwa na kinga, watoto wanaipata tumboni na kwenye maziwa. Wanakaa nayo wiki chache, halafu inaisha. Ndiyo maana wadogo hawakufa nilipowapa ndui mapema, ingawa sikuwachanja. Na niliowachanja walipofika, kinga ya mama zao iliila chanjo yangu. Walipokua ile ya mama ikaisha, yangu haikuwahi kushika, wakafa. Matokeo yote mawili ni ya kweli. Sikupika wala sikukosea. Nilipewa watoto wa mama waliochanjwa, na aliyenipa hakuniambia.

Unajua aliyenifumbua macho? Mke wako, bila kujua, kwa habari za kliniki.

Kwa nini uwachanje mama kimya kimya kama hakuna ugonjwa humo ndani? Nijibu. Sitaki utani wala habari za friji.

*

12 Mei

Shemeji,

Niite utakavyo, mimi siwezi kukuita vingine.

Ni kweli. Mwezi wa kwanza nilikuta panya wachache wamevimba miguu, kizimba cha pembeni. Nikajua hapo hapo. Kanuni inasema piga ripoti, ua wote, funga nyumba mpaka ikaguliwe. Siku ile dada yako alikuwa amelazwa, tumbo limefunguliwa, mtoto yuko kwenye joto la mashine. Nyumba tunayolala ni ya kazi. Ningepiga ripoti asubuhi, jioni nakabidhi funguo. Akitoka hospitali nimpeleke wapi?

Kulikuwa na chanjo kwenye friji yetu, ya dharura, ambayo huruhusiwi kuigusa bila kuwaarifu wateja. Nikaigusa. Nilifunga mlango nikawachanja wazazi wote kwenye mzizi wa mkia, tone na mkwaruzo, mpaka vidole vikafa ganzi. Vifo vikakoma. Nilijiona mjanja sana.

Lakini kwa hao panya wako sikukuzunguka, naomba unisadiki hapo. Nilikuchagulia waliozaliwa baada ya yote yale, ambao hawakuugua wala kuguswa. Kwa akili yangu nilikuwa nakupa wasafi kuliko wote. Hayo ya tumboni na maziwa sikuyafikiria. Ulipoandika kwamba hawakufa ndipo nikaanza kuogopa, na ulipoandika kwamba wamekufa nikaona labda siyo mimi. Nikashika hilo.

Sasa nimeamua. Ijumaa hii nawaua wote, wazazi na watoto, nawachoma kwenye tanuri. Nitasema mtambo wa hewa uliharibika. Nitaanza na wazazi wapya kutoka mbali, na ugonjwa utakuwa umekwisha bila mtu kujua. Utapata panya safi, utarudia jaribio, na jina lako litasimama. Sina zawadi nyingine ya kukupa.

Baba Panya

*

14 Mei

USIWACHOME.

Shemeji, dereva ameniahidi atakupa hii kesho Alhamisi, mkononi. Ukishaisoma nenda ukasimame mbele ya tanuri.

Jaribio jipya haliwezi kumalizika kabla ya kamati. Kitu pekee kinachoweza kuniokoa ni damu ya wale mama. Kinga waliyopata kwenye chanjo yako imo humo, inapimika kwa asubuhi moja, na makovu yako mkiani. Waliopona kwangu hawafai kwa ushahidi, maana nilishawapa ndui, damu yao imechanganyika. Wakiungua mama, ninabaki na hadithi tu, na mwenye hadithi ndiye anayeitwa mpishi.

Najua ninachokuomba. Damu hiyo ikiniokoa mimi inakuangusha wewe. Nitasimama mbele yao niwaombe wakuangalie, niwaeleze habari za dada na hospitali. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo na sitakudanganya.

Niwekee mama sita tu. Tafadhali.

Mimi

*

23 Mei

Mdogo wangu,

Atakayekupa barua hii ni mume wangu. Hajui kilichomo.

Ile barua yako ya haraka dereva aliiacha kwangu Alhamisi, mume wangu akiwa kazini. Niliifungua. Nilikuwa nimechoka kuwa mjinga ndani ya nyumba yangu. Niliisoma Bosi akinyonya, nikairudia, nikaelewa kila neno. Nikaitia ndani ya foronya ya mto wa Bosi. Ijumaa mume wangu aliporudi ananuka moshi, ndipo nikampa.

Usiseme sikukufikiria. Nilikufikiria mpaka nikatapika. Nilijiambia wewe una elimu, ukianguka utasimama mahali pengine. Sisi tukianguka tuko nje na mtoto mchanga. Mama yetu angekuwa hai angenichapa, na ningemwambia anichape, lakini barua ningeificha vile vile.

Yeye aliisoma akakaa chini, pale pale mlangoni. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Tangu siku hiyo anaongea nami kupitia mtoto. "Bosi, mwambie mama yako chai imepoa." Na leo amevaa shati lake la harusi, anasema anakuja kwenu kuieleza kamati mwenyewe, kwa mdomo, kwa kuwa panya hawapo. Nimelia. Nimemwambia hakuna ushahidi tena, hakuna wa kukugusa, kaa na mwanao. Nimemfichia viatu. Amevaa ndala.

Kama utaisoma hii kabla hajafungua mdomo, mrudishe. Wewe akikuangalia usoni atakusikiliza. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuzaliwe. Leo nakuomba.

Dada yako

*

27 Mei

Dada, shikamoo.

Barua yako alinipa tukiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Niliisoma yeye akinitazama. Nikaikunja. Akauliza, "Anasemaje?" Nikasema unatusalimu. Sikumrudisha.

Nataka ujue yote kutoka kwangu, maana yeye hatakusimulia.

Aliongea vizuri. Hakutania hata mara moja, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea dakika mbili bila utani, nikaogopa. Alianza na kizimba cha pembeni, akaja kwenye mikia, akaja kwenye tanuri. Wakamuuliza kwa nini aliwachoma, akasema aliogopa, na kwamba barua ya kumzuia aliipata akiwa ameshachelewa. Hakusema kwa nini alichelewa. Dada, jina lako halikutajwa mle ndani.

Na walikuwa wanaelekea kumwamini. Mama mmoja wa kamati, daktari wa mifugo, alikuwa anatikisa kichwa kukubali na kuandika. Akasema hata bila damu, mtu hasafiri safari yote hii kuja kujiharibia kazi kwa jambo la uongo. Nilianza kupumua.

Ndipo Mkuu akauliza, kama anayeuliza saa: "Na huyu binti unafahamiana naye vipi?"

Hakuna mtu pale aliyejua. Mimi sikuwahi kusema kazini, na kwenye karatasi za mizigo ni jina la nyumba tu. Angesema ni mteja, basi, ingekwisha. Aligeuka akaniangalia. Ningependa kukuambia kwamba nilimwashiria aseme kweli. Sikumwashiria. Niliinamisha macho, na moyoni nilikuwa namwomba aongope, mara hii moja tu, baada ya kuongopa miezi yote ile.

Akasema, "Ni mdogo wa mke wangu."

Yule mama aliweka kalamu chini. Kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena habari za panya.

Wameandika kwamba maneno ya ndugu yasiyo na damu wala panya hayawezi kubadilisha matokeo, kwa hiyo mimi nimetolewa kazini. Karatasi ya pili, ya siku ileile, imekwenda kwa waajiri wake kuwaarifu kwamba amekiri kuficha ndui na kutumia chanjo bila ruhusa. Yaani maneno yale yale, kwa kunisafisha mimi ni ya uongo, na kwa kumfukuza yeye ni ya kweli. Niliwauliza hivyo, kwa sauti. Wakaniambia nitoke nje.

Nje nilimfokea kama mtoto. Nikamuuliza ulimi wake ulikuwa wapi. Akasema, "Nimechoka, shemeji." Akakaa kwenye ngazi na ndala zake, watu wanampita. Nilikaa kando yake mpaka dereva alipokuja kumchukua.

Wewe nimekukasirikia, dada, kwa namna ambayo sijui kama itaisha. Naelewa kwa nini ulifanya, na kuelewa hakujanisaidia. Ukinitania sitacheka. Ukiniomba radhi sasa hivi, nitaondoka.

Amesema mmepewa mpaka mwisho wa wiki kukabidhi nyumba. Jumamosi asubuhi nakuja na dereva, ametukubalia gari. Nitafunga vyombo, nitashusha mapazia, kitanda nitashika upande mmoja na shemeji upande mwingine, na wewe usiinue chochote, mshono wako bado. Nimepata chumba huku, kina mlango mmoja na dirisha moja, tutaenea. Bosi nitambeba mimi njia nzima.

Ila usinipikie. Kutoka mkononi mwako, bado siwezi kula.

Mdogo wako